Hosteli Ng'ong'ona: fundi wa labor chaji, mkandarasi, au sanifu-jenga?

Mkazi wa Iyumbu
Habari za jioni wakuu. Sisi ndugu watatu tuna kiwanja Ng'ong'ona, Dodoma, huku upande wa chuo cha UDOM, tunataka kupandisha hosteli ya wanafunzi, chini na ghorofa moja. Ramani ya vyumba ipo, michoro ya nondo bado, kibali cha Jiji tunafuatilia. Sasa kaka mkubwa anasema tununue vifaa wenyewe tumlipe fundi ufundi tu, yaani labor chaji, dada anataka mkandarasi aliyesajiliwa na bodi ya makandarasi (CRB) afanye kila kitu, halafu kuna kampuni imetuambia itachora na kujenga kwa bei moja, wanaita sanifu-jenga, sisi tusubiri funguo tu. Mimi niko kazini Mtumba mpaka jioni, wao mmoja yuko Mwanza mwingine Dar. Tufuate njia ipi?

QS Area D
Mkuu, bei iache kwanza. Jiulize michoro yenu imeiva kiasi gani na nani atakuwa saiti kila siku. Mkinunua vifaa wenyewe basi mkandarasi ni nyie, saruji ikiganda stoo ni yenu, nondo zikichelewa mafundi wanakaa kivulini na vibarua wa siku mnawalipa vilevile, na kwa jinsi mlivyotawanyika hivyo sioni nani atapokea hata lori la kokoto. Mkandarasi kwa bei ya mkupuo, yaani bei moja ya kazi nzima, ni njia nzuri, ila sio leo, maana michoro ya nondo hamna. Mkimpa sasa hivi atapiga bei ya woga, au ataweka bei ndogo ashinde kazi halafu awaletee variesheni, yaani madai ya kazi za nyongeza, kila wiki. Malizeni michoro, tengenezeni BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote na vipimo vyake, muite makandarasi watatu wanne wajaze BOQ hiyohiyo, hapo ndio mtalinganisha bei kwa haki. Na muulize kama VAT imo ndani, maana asilimia 18 ni hela.

Mzee wa Nkuhungu
Labor chaji isidharauliwe jamani, serikali yenyewe inajenga madarasa na zahanati kwa force account, inanunua vifaa yenyewe na kulipa mafundi, na gharama inashuka

QS Area D
Kweli mzee wangu inashuka, lakini kule kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na mhandisi wa halmashauri anapita. Hawa ndugu kamati yao ni nani?

Fundi Chidachi
Naongezea la msingi maana huko ndiko hela inapopotelea. Dodoma maeneo mengi kuna mbuga, ule udongo mweusi, kiangazi unapasuka mpaka kiganja kinaingia kwenye ufa, mvua za Desemba zikianza unavimba na kunyanyua jamvi, ile sakafu ya zege. Kuna saiti moja karatasi ilisema msingi mita moja, tukachimba mashimo ya nguzo mpaka usawa wa kifua bado ni mbuga tu, mwenye nyumba na mkandarasi wakaanza kuvutana na kazi ikasimama. Pimeni udongo kabla ya mkataba, na kwenye BOQ msingi uandikwe utapimwa upya kwa kilichochimbwa kweli, huku juu ndio iwe bei ya mkupuo.

Dada wa Kisasa
Hiyo sanifu-jenga msiikimbie bila kuielewa. Reli ya SGR ya Moro–Makutupora mkandarasi Yapı Merkezi alipewa kwa mtindo huohuo, ila Shirika la Reli (TRC) liliweka mhandisi mshauri wa kumsimamia. Kwenu shida ni kwamba anayechora ndiye anayejenga, akipunguza nondo kwenye bimu hakuna wa kumwambia. Mkiichukua, andikeni kabla ya kusaini mnachotaka: vyumba vingapi, vyoo, tenki la lita ngapi, madirisha ya aina gani, na mlipe mhandisi wenu wa pembeni akague kila zege kabla halijamwagwa.

Mkazi wa Iyumbu
Nawashukuru sana, nimewatumia ndugu zangu wote wasome. Tumekubaliana kupima udongo na kumaliza michoro kwanza, halafu mkandarasi kwa BOQ. Naomba moja tu, ile hela ya kushikilia, tunayombakizia mkandarasi kama dhamana, huwa ni kiasi gani na inaachiwa lini?

QS Area D
Mara nyingi asilimia 5 mpaka 10 ya kila hati ya malipo, ile inayoonyesha kazi iliyofanyika na anachodai. Nusu mnaachia mkikabidhiwa jengo, nusu kipindi cha matazamio, ule muda wa kuangalia kasoro baada ya kukabidhiwa, kikiisha na kasoro zimerekebishwa. Kwa huku ombeni kipindi hicho kivuke msimu mzima wa mvua, paa na msingi vionekane vimekaaje. Iandikwe kwenye mkataba, mkandarasi asikubali kwa mdomo tu.