Naomba ushauri: nitaimuduje kalamu ya Bezier ili nichore korosho na pindo la kanga kwa vekta?

Binti Pindo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Ninaandika kutoka Tanga. Ninashona mikoba ya kitambaa na ninataka ichapwe michoro ninayoibuni mwenyewe kwa kufuata mtindo wa kanga, yaani pindo linalojirudia pande zote, korosho kubwa (lile umbo lenye ncha iliyopinda) katikati ya mji, yaani uwanja wa kati, na jina, yaani maneno ya kanga, chini yake. Michoro hiyo huianza kwa penseli kwenye karatasi na kuimalizia kwa wino, na hapo mkono wangu hauna tatizo. Kazi inakuwa ngumu ninapoihamishia kwenye kompyuta, kwa sababu mchapaji amenieleza kwamba picha ya simu haimfai: akiikuza hadi upana wa mkoba, kingo zinavunjika kuwa vijimraba. Anataka faili la vekta, ambalo mistari yake hubaki laini hata ikikuzwa kiasi gani.

Nimeweka Inkscape, programu ya kuchora vekta, kwa kuwa ni ya bure na kompyuta yangu inaimudu. Nilianza na amri ya kufuatisha picha, ambayo huigeuza picha kuwa vekta yenyewe. Ukiitazama kwa mbali, matokeo yake yanafanana na mchoro wangu, lakini nikiisogeza karibu naona nodi (vituo ambavyo mstari hupitia) zimebanana, na mstari mmoja wa wino umegeuka umbo lenye kingo mbili zisizolingana. Kisha nikaja kwenye kalamu ya Bezier, zana ya kuchora mikunjo kwa mkono, na hapo ndipo nilipokwama. Nikibofya napata pembe, nikivuta napata tumbo mahali nisipolitaka, na nikiongeza nodi ili kulirekebisha, mstari unazidi kuwa na mabonde. Naomba mwenye ujuzi anieleze nodi zinawekwa wapi, na mishikio yake (vijiti vya kuukunja mstari) inavutwa kwa kiasi gani.

Mwalimu wa Michoro

Dada, umeuliza swali lenyewe hasa, kwa sababu wengi huuliza ni kitufe gani kibonyezwe, ilhali ugumu wote uko kwenye mahali pa kuweka nodi.

Kabla ya kuchora chochote, andika herufi S kubwa kwa zana ya maandishi, uigeuze kuwa njia (mstari wenye nodi) kwa Ctrl+Shift+C, kisha ubonyeze N ili uingie kwenye zana ya nodi. Tazama mbunifu wa herufi ameziweka wapi nodi zake. Mara nyingi utazikuta mahali mkunjo unapofika ukomo wake, yaani juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa, na mishikio yake imelala sawasawa au imesimama wima. Fanya vivyo hivyo kwa duara, nalo utalikuta lina nodi nne tu. Ukishaona kwamba duara zima linabebwa na nodi nne, utaelewa kwamba nodi nyingi hazikupi ulaini, bali ndizo zinazouharibu, kwa kuwa kila nodi ni mahali pengine ambapo mstari unaweza kupinda vibaya.

Sasa njoo kwenye korosho yako. Ingiza picha ya mchoro, iweke kwenye tabaka lake, ipunguzie uzito wa rangi hadi ionekane kwa mbali, kisha ufunge tabaka hilo lisisogee. Tuseme ncha ya korosho imeinama kuelekea kulia. Bonyeza B, anza kwenye ncha kwa kubofya bila kuvuta, maana hapo unataka pembe kali. Nenda juu ya utosi, bofya na uvute kwa mlalo. Shuka hadi ubavu wa kushoto, vuta kwa wima. Kitako, vuta kwa mlalo. Ubavu wa kulia, vuta kwa wima. Kisha panda hadi shingoni, pale mstari unapobonyea ndani kabisa chini ya ncha, na uvute kwa wima tena. Rudi kwenye ncha na ubofye ili ufunge umbo. Hizo ni nodi sita, na zinatosha. Unapovuta, shikilia Ctrl, nayo programu itaulazimisha mshikio ufuate hatua za nyuzi 15, ambamo mlalo na wima vimo.

Kuhusu urefu wa mshikio, anza na takribani theluthi moja ya urefu wa kipande cha mstari kinachofuata. Katika robo ya duara, mshikio una karibu asilimia 55 ya nusu kipenyo, na ukipima utaona hiyo haiko mbali na theluthi ya tao lenyewe. Mshikio mfupi mno hufanya mkunjo uwe mkali karibu na nodi na kunyooka mbele yake, na ule mrefu mno huzaa tumbo unalolilalamikia.

Usihangaike kuupata mstari sahihi katika raundi ya kwanza. Zungusha umbo lote upesi, halafu urudi na N urekebishe. Ukiichagua nodi, Shift+S huifanya laini na Shift+C huifanya pembe. Pale penye bonde, jambo la kwanza kujaribu ni kuifuta nodi iliyopo, wala si kuongeza nyingine.

Fundi Stika

Naunga mkono hoja ya Mwalimu kwa upande wa karakana. Mimi ninakata stika kwa mashine ya kisu, na faili lililotoka kwenye amri ya kufuatisha picha huwa ninalitambua kabla hata kisu hakijashuka, kwa sababu kisu husitasita kwenye kila nodi na ukingo hutoka na meno. Amri hiyo si mbaya kwa kila kazi: wino mweusi mzito kwenye karatasi nyeupe, uliopigwa skana vizuri, hutoa umbo linalovumilika, na Ctrl+L husaidia kupunguza nodi ingawa hulegeza pembe. Ila kazi yake ni kufuata mpaka wa weusi na weupe, ndiyo maana mstari wako mmoja ulitoka na kingo mbili. Kwa korosho, ambayo uzuri wake wote uko kwenye mkunjo, chora kwa mkono.

Mkongwe wa Corel

Ningekushauri uhamie CorelDRAW tangu sasa, kwa kuwa wachapaji wengi wa mitaani ndiyo wanayoitumia, nawe utaepuka usumbufu wa kubadilisha mafaili.

Mwalimu wa Michoro

Mkuu, ushauri wako una maana kwa mtu anayetafuta ajira kwenye duka la uchapaji. Kwa dada huyu sioni sababu ya kulipia leseni wakati bado anajifunza. Mikunjo hii ni ile ile kila mahali: Paul de Casteljau aliishughulikia akiwa Citroën kuanzia mwaka 1959, na Pierre Bézier akaieneza akiwa Renault katika miaka ya 1960, wote wakitafuta namna ya kueleza kwa hesabu mabodi ya magari. Nodi na mishikio atakayoizoea kwenye Inkscape ataikuta kwenye Illustrator na kwenye CorelDRAW. Kitakachobadilika ni vitufe, kwa mfano zana ya nodi ambayo kwa Corel iko kwenye F10.

Binti Pindo

Nawashukuru sana. Nimeichora korosho kwa nodi sita kama nilivyoelekezwa, na kwa mara ya kwanza mkunjo wa shingoni umetoka kama ulivyo kwenye karatasi, bila bonde. Kilichonisaidia zaidi ni ile Ctrl, maana mishikio ilipokaa wima na mlalo niliweza kuona ni upande gani unaohitaji kurefushwa.

Sasa niko kwenye pindo. Nimechora ua moja na vitone vyake. Je, ninakili ua hilo moja moja hadi nizunguke mkoba mzima, au kuna njia bora? Na pembeni, pale pindo la mlalo linapokutana na la wima, hufanywaje?

Nakshi za Pwani

Usinakili kwa mkono. Kwenye menyu ya kuhariri, sehemu ya vizalia (nakala zinazofuata umbo la asili), kuna amri ya kuvipanga kwa safu. Taja idadi na nafasi kati yake, nayo itakujazia pindo. Faida yake ni kwamba ukirekebisha ua la asili, mengine yote hufuata papo hapo, jambo ambalo nakala za kawaida hazifanyi. Hakikisha upana wa upande unagawanyika sawasawa kwa upana wa ua, la sivyo utaishia na nusu ua kwenye kona.

Kuhusu kona yenyewe, angalia kanga ulizonazo ndani. Nyingine pindo hukatwa kwa mshazari, na nyingine huwekewa mraba wenye ua lake la pekee. Mraba ndio ninaoupendelea kwa anayeanza, kwani unauchora mara moja, unaugeuza kwa H na V, na kona nne zimekamilika.

Fundi Stika

Kabla hujapeleka kazi, weka kando nakala ya faili la SVG, yaani faili la vekta la Inkscape, kisha kwenye nakala nyingine fanya haya. Tenganisha vizalia na asili yake kwa Shift+Alt+D. Geuza jina liwe njia, maana mchapaji akikosa aina ya herufi uliyotumia, kompyuta yake italeta nyingine na mpangilio utavurugika. Mistari nayo igeuze kuwa maumbo kwa Ctrl+Alt+C, ili unene wake upungue sawia na mchoro ukipunguzwa. Maumbo ya rangi moja yanayopandana yaunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Halafu tenga kila rangi kwenye tabaka lake, kwa sababu katika uchapaji wa skrini kila rangi hutengenezewa fremu yake, na rangi mbili zilizopangwa vizuri zitakugharimu kidogo kuliko nne. Hifadhi nakala hiyo kama PDF na umpelekee pamoja na kipande cha kitambaa chenye rangi unazozitaka, kwani rangi za kioo cha kompyuta hazifanani na za wino.