Naomba ushauri: nibaki na mashua ya mbao au nichukue ya faiba?

Habarini wakuu. Navua Nungwi kwa mashua ya mbao, futi 22. Tangu msimu wa kaskazi nimeikalafati mara mbili, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, na pamba inatoka tena. Fundi anasema mbao mbili karibu na mkuku (uti wa chini wa mashua) zimeoza.

Jamaa ananiuzia boti ya faiba yenye tanga la kisasa. Nimeijaribu: inakwenda joshi vizuri, yaani kuelekea upepo unakotoka, na kubisha (kugeuza ili upepo uingie upande wa pili) ni kazi ya mtu mmoja. Kwenye mashua yangu lazima tuihamishe foromali (boriti inayobeba tanga) upande wa pili wa mlingoti, watu watatu, tunalowa chapachapa. Lakini mbao naijua, faiba siijui.

Aliyetumia faiba penye matumbawe, ikipasuka mnaizibaje? Na je, tanga la kisasa linafaa kwenye mashua ya mbao bila kugusa mkuku?