Soya: nibaki na mistari ya sentimita 75 au nibane hadi 45?

Jembe_na_Trekta: Wakuu, mashine yangu ya kupandia mahindi imefungwa kwa sentimita 75. Nataka kuitumia hiyohiyo kwa soya, palizi itakuwa ya jembe la mkono. Wengine wanasema soya hutoa matawi na kuziba nafasi yenyewe. Niache hivyo au nibane? Na mbegu kiasi gani kwa hekta?

Mzee wa Mistari: Bana. Majani ya mstari huu na ule yawe yamegusana maua yanapotoka, au kwa kuchelewa sana maganda ya kwanza yanapofunga. Pita shambani saa sita mchana utazame chini: jua linalofika kwenye udongo linalisha magugu. Kwa 75, aina fupi inayokomaa mapema haizibi hadi inavunwa. Aina ndefu yenye matawi inaweza, kama ardhi ina rutuba.

Kwa jembe, 45 ndiyo saizi yake. Chini ya 40 utakata miche.

Mistari ya sentimita 45, mbegu moja moja kila sentimita 5, ni kama mbegu 444,000 kwa hekta. Ikiwa mbegu 100 zina gramu 15, hizo ni kilo 67. Zikiota 80 kwa 100 unabaki na mimea 355,000, inatosha kabisa. Jaribu kwanza mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota 60 tu, usifidie kwa kumwaga nyingi, tafuta mbegu nyingine. Mbegu ya soya huzeeka haraka ghalani.

Kivuli: Nakubali, ila si kila shamba. Pale ambapo ukungu mweupe ulishatokea, na wakati wa maua kuna baridi na mvua, mistari iliyobanana huweka umande chini ya majani karibu siku nzima na ugonjwa unashika mashina. Hapo afadhali 60 au hiyo 75 yako. Ukichelewa kupanda ni kinyume: mmea unatoa maua ukiwa mdogo, kwa hiyo bana.

Fundi Sahani: Kabla ya kusogeza vipandio, angalia magurudumu ya trekta yatapita wapi, yasikanyage mstari. Wengine hupita mara mbili, safari ya pili katikati ya ile ya kwanza, wanapata 37.5. Gurudumu linafukia sehemu ya mbegu zilizokwisha pandwa, na jembe halipiti tena. Bila dawa ya magugu usijaribu.

Badilisha pia sahani ya mashine, ile yenye matundu yanayodondosha mbegu. Tundu la mahindi ni kubwa, soya zinaingia mbili tatu au zinapasuka, na iliyopasuka haioti. Zungusha gurudumu la mashine ya kupandia kwa mkono juu ya turubai uone zinavyodondoka.

Kina sentimita 3 hadi 4. Soya hunyanyua vipande vyake viwili vya mbegu hadi juu. Udongo ukiganda baada ya mvua, shingo ya mche inakatikia humo humo. Mbolea ikae pembeni sentimita 5, isiguse mbegu.

Jembe_na_Trekta: Shukrani wakuu. Zikishaota nitajuaje kama idadi imefika?

Mzee wa Mistari: Pima mita 22.2 za mstari mmoja, hesabu miche, zidisha kwa 1,000. Hiyo ni kwa hekta, kwa mistari ya 45. Rudia sehemu tano. Ukipata 250,000 iliyotawanyika sawasawa, usirudie kupanda, matawi yatajaza. Pengo la mita nzima ni habari nyingine: fukua uone kama mbegu imeoza, imekwama chini ya ganda la udongo, au haikudondoka kabisa.