Bosco wa 1952 au Bosco wa uzeeni? Mbona kila wakitoa upya wanamtaka kijana tu

Nyuzi Sita (Dar): Wadau habari zenu. Kila rekodi za Mwenda Jean Bosco zikitolewa upya ni nyimbo zile zile, Masanga, Bombalaka, basi imeisha. Kwa asiyemjua, ni mpiga gitaa kavu, lisilo la umeme, wa Katanga kule kusini mwa Kongo, mzaliwa wa Bunkeya 1930, ambaye Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville (ndiyo Likasi ya leo) mwaka 1952 akamrekodi peke yake na gitaa lake, hakuna bendi hakuna nini. Wakusanyaji wa santuri wanaishia hapo utadhani jamaa alikufa 1953. Kumbe kapiga karibu miaka arobaini! 1969 alikuwa tamasha la Newport kule Marekani. 1982 Kubik, yule mtafiti wa muziki Mwaustria, alimrekodi Ujerumani. 1988 akaingia studio Cape Town akapiga albamu nzima, kampuni ya santuri ya Rounder wakaja kuitoa mwenyewe ameshafariki kwa ajali ya gari Zambia 1990. Nimezisikiliza kwa kufuatana na msimamo wangu ni huu, mzee ni fundi kuliko kijana. Kijana ana kasi na damu inachemka ila santuri ya enzi zile dakika tatu imejaa, anakimbizana na saa. Mzee hana haraka, anauzungusha wimbo mpaka ukuingie. Mnasemaje?

Galatoni (Kakamega): Wacha hizo. Mimi napiga gitaa, sio mtu wa kusikiliza tu kwa simu nikiwa matatu. Chukua Masanga ya 1952 uisikilize polepole. Jamaa anatumia vidole viwili peke yake, dole gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini kwa besi bila kusimama, cha shahada kiko juu kinaimba kitu ingine kabisa, na hizo mbili hazigongani mahali unangoja zigongane. Mtu akisikia mara ya kwanza anauliza nani anapiga gitaa ya pili, na hakuna gitaa ya pili. Kuna Rycroft, msomi wa muziki wa London, alikaa chini mwanzo wa sixties akaandika noti za hizo nyimbo kwa jarida la African Music, unadhani alipoteza wakati bure? Hiyo mkono ya 1952 hata Bosco mwenyewe hakuirudia. Na tuseme ukweli, jina kubwa alipata akikuja Nairobi kuelekea mwisho wa fifties, akawa na kipindi kwa redio, Afrika Mashariki yote ikamjua. Bila Nairobi angebaki mtu wa Likasi tu.

Likasi243: Weeee! "Mtu wa Likasi tu"? Ndugu unasema na nani vile? Mi niko Likasi, minakuambia, Masanga ilitoka 1952, sahani ya kampuni ya Gallotone ilitembea mpaka kwenu mbele yake Bosco hajaona Nairobi hata na macho. Banairobi njo balimuita juu balikuwa bamekwisha kumusikia! Na Édouard Masengo ndugu yake naye alikuja kwenu, batu ya Nairobi bakajifunza gitaa kwake. Uliza Mukabi, ule mupiga gitaa wenu wa Kenya, alisikia wapi ile gitaa.

Galatoni (Kakamega): Hapo sasa umegusa mahali hukufaa kugusa. George Mukabi hakufundishwa na Mkongo. Omutibo, hiyo mtindo yake ya gitaa, ni yetu. Sisi Waluhya tulikuwa na litungu, kinubi chetu cha nyuzi, kabla hiyo gitaa haijashuka kwa meli, na ukisikiliza Sengula Nakupenda utasikia mkono ni mwingine, mwendo ni mwingine, kuna chupa ya Fanta inakwaruzwa kando na hiyo chupa ndio inashikilia wimbo wote. Bosco chupa alikuwa nayo wapi? Mukabi alikufa 1963 akiwa kijana, hakupata nafasi ya kuzeeka aende Cape Town, halafu mtu anakuja hapa na kidomo kumfanya mwanafunzi.

Likasi243: Kidomo ni wewe. Kwetu bazee balikuwa bakipiga likembe, ile kisanduku ya vyuma, na dole gumba tangu zamani, njo maana gumba ya Bosco ilikuwa vile, hakuna mutu alimufundisha. Mi sikusema Mukabi eko mubaya. Minasema alisikia. Kusikia ni haya?

Bi Sauti (Mombasa): Jamani nyie wawili punguzeni. Mimi nimekwazika na mwenye uzi, eti "wakusanyaji wanaishia hapo". Wao ndio waliofanya leo tukamsikia! Kama Tracey asingepita Katanga na mashine yake, kama yule Baird wa kampuni ya santuri ya SWP kule Uholanzi asingezirudia zile kanda akazitoa kwa CD, wewe Nyuzi Sita ungemjulia wapi Bosco? Redio zetu wenyewe zilikuwa na santuri chungu nzima, leo ziko wapi? Mimi nimefanya kazi karibu na maktaba moja ya redio, sitaitaja, nimeona sahani zimepangwa sakafuni zimepinda kwa joto, watu wanapitisha viti juu yake. Msiwatukane waliohifadhi.

Nyuzi Sita (Dar): Dada yangu, sijatukana mtu. Nasema anayetunza ndiye pia anayechagua, na kila siku anachagua kijana maskini wa mtaani mwenye gitaa. Huyo kijana alikua, akafanya kazi za ofisini, akawa na bendi ya magitaa ya umeme Lubumbashi, Super Shaba. Hebu niambie nani kwenye uzi huu amewahi kuisikia Super Shaba? Hiyo ndiyo hoja yangu. Maisha yake nusu hayapo madukani. Umeme ukiingia wanasema asili imepotea.

Bi Sauti (Mombasa): Basi ungesema hivyo toka mwanzo. Hapo tunaelewana kidogo. Ila kusema mzee ni fundi zaidi, hapana. Sauti ya 1952 ni ya mtu anayetaka kitu. Ya 1988 ni ya mtu aliyeshapata au aliyeacha kutaka, sijui.

Mwana Unyanyembe (Tabora): Samahani wakuu nimechelewa. Nimesoma mnavyomvutana, Mkenya huku Mkongo kule, mbona mwenye mali hamjamtaja? Bunkeya ilijengwa na nani? Msiri! Na Msiri katoka Unyamwezi, huku huku kwetu, akaenda Katanga na biashara ya pembe na shaba akabaki kuwa mtemi mkubwa. Wayeke ni Wanyamwezi waliohamia. Mwenda ni jina la watawala wa Bunkeya toka kwa Msiri mwenyewe. Kwa hiyo huyo mpiga gitaa wenu kwa asili ni mtu wa Tabora, hilo halina ubishi.

Galatoni (Kakamega): Haya sasa. Kesho utasema Franco ni wa Dodoma.

Mwana Unyanyembe (Tabora): Wewe bisha tu, historia ipo. Mwanamuziki mkubwa hivyo na Tabora nzima hakuna hata kibao chenye jina lake, inauma.

Likasi243: Muzee wa Tabora, na heshima yote. Msiri balimuua 1891. Bosco alizaliwa 1930. Hapo katikati batu balioa kwetu, balizaa kwetu, balizikwa kwetu. Bosco aliimba Kiswahili ya kwetu, ya Katanga, na ukiisikia unajua eko wa wapi mbele ya kumaliza mustari wa kwanza. Mbona akiwa angali mu taabu hamukukuja kumuchukua? Sasa ni albamu mu Ulaya, kila mutu ni ndugu!

Mwana Unyanyembe (Tabora): Usinisingizie tamaa, mimi sina hata senti humo. Nasema damu ni damu.

Nyuzi Sita (Dar): Wakuu naomba turudi, Cape Town 1988, nani ameisikiliza yote? Galatoni?

Galatoni (Kakamega): Nimesikiliza vipande. Mkono imekuwa mzito. Na sijamaliza na huyu wa Likasi, ajibu hiyo maneno ya chupa.

Likasi243: Chupa weka pembeni! Angalia jina ya ile albamu ya Cape Town: Mwenda wa Bayeke. Haikuandikwa wa Nairobi. Haikuandikwa wa Tabora.

Mwana Unyanyembe (Tabora): Wa Bayeke!! Si ndicho ninachosema toka saa ile! Bayeke ni kina nani?

Likasi243: Ni batu ya Bunkeya, muzee. Kuja ku Bunkeya ubaulize benyewe kama beko Batanzania, halafu uandike hapa vile balikujibu.