Timu yetu haifungi ndani kabisa, na mechi ni Jumamosi ijayo. Naomba ushauri

MtuWaTudor
Assalaam alaykum wenye imani, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni nahodha na mgawaji mpira wa timu ya mpira wa kikapu, vijana wa mtaani hapa Tudor, Mombasa. Jina la timu niacheni nalo kwa sasa. Tumefika nusu fainali na wallahi silali. Hatufungi ndani. Robo fainali tulitupa za mbali, zile za pointi tatu, mara 31, zikaingia 6. Tukapita kwa pointi mbili kwa sababu wenzetu walikuwa wabovu kutushinda. Chini ya ringi tulipata vikapu vinne mechi nzima. Mtu anasimama pale, viwiko vya mgongo dakika kumi, mkono uko juu, mpira hauji. Ukija unamfika magotini. Nusu ya kwanza nzima mpira uliingia ndani mara tatu. Tatu!

Nataka mbinu na mazoezi ya wiki moja. Tafadhali msiniambie "tafuteni mrefu". Hilo nalijua.

DerevaWaTukTuk
Nje hamfungi, ndani hamfungi. Sita ya Shawwali mlifunga?

HesabuKali
Mara 31 ukaingiza 6 ni pointi 18. Gawanya: kila mtupo umekupa pointi 0.58. Mtu wa chini ya ringi akipata nusu na kukosa nusu, kila mtupo wake ni pointi 1 kamili. Ili za mbali zimfikie huyo, uingize moja katika kila tatu. Nyinyi mnaingiza moja katika tano na chenji. Na hapo sijahesabu faulo, maana anayefanyiwa faulo ni aliye ndani, si anayerusha akiwa nusu ya njia ya Mwembe Tayari.

KijanaWaBamburi
Mambo ya ndani ni ya kizamani kaka. Siku hizi hata Marekani wote wanatupa tatu.

HesabuKali
Wale wanaingiza zaidi ya moja katika tatu, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Soma tena nilichoandika.

MamaWaMapacha
Wanangu wawili walicheza huo mpira mpaka mmoja akavunjika kifundo cha mguu kwenye uwanja wa saruji uliomwagwa mchanga na mtu ambaye mpaka leo hajajitokeza. Nilikaa naye hospitali siku tatu, baba yao yuko safarini, mwenzake analia nyumbani kuliko aliyevunjika. Kwa hiyo kwanza fagieni uwanja. Pili, mwanangu, umesema usiambiwe mtafute mrefu. Kwani hamnaye?

MtuWaTudor
Ahsante mama, tunafagia. HesabuKali, hesabu nimeielewa, ila hesabu haifungi kikapu. Nataka zoezi.

KochaMstaafu
Nimefundisha watoto mpira huu tangu mabega yangu yakiwa mazima, basi nisikize.

Nikuulize kwanza: uwanja mnaofanyia mazoezi, mistari ya eneo la ndani, lile la chini ya ringi, ikoje? Imenyooka, au imetanuka kuelekea ringi kama marinda ya gauni?

MtuWaTudor
Imetanuka. Mechi zenyewe ndizo zinachezwa kwenye ukumbi wa mbao, mistari kule imenyooka.

KochaMstaafu
Nilijua. Uwanja wenu ulipigwa rangi kabla ya 2010. Mwaka huo FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliondoa yale marinda. Eneo la ndani likawa mstatili wa upana wa mita 4.9, wakati zamani pale chini kwenye mstari wa nyuma lilikuwa mita 6. Mtu wenu amezoea kusimama nje ya mstari wa zamani, yaani karibu nusu mita mbali zaidi na ringi kuliko anavyoruhusiwa ukumbini. Nusu mita kwa mtu aliyepewa mgongo na mlinzi ni hatua nzima. Na mwaka uleule mstari wa pointi tatu ulisogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Hizo za mbali mnazojivunia mtaani, kule ukumbini zinafika fupi. Umewahi kujiuliza kwa nini mitupo yenu mingi inagonga mdomo wa mbele wa ringi?

Chukueni chaki na futi ya fundi, kesho baada ya Alasiri, mchore mistari mipya. Hilo ndilo zoezi la kwanza.

MtuWaTudor
Subhanallah. Mdomo wa mbele, ndivyo ilivyokuwa. Robo ya tatu karibu zote.

DerevaWaTukTuk
Kumbe miaka yote mnapigana na rangi.

MamaWaMapacha
Swali langu halijajibiwa. Hamna mrefu?

MtuWaTudor
Yuko mmoja. Mita 1.97. Tunamwita Mlingoti. Lakini hafai kwa sasa.

MamaWaMapacha
Hafai vipi? Mgonjwa?

MtuWaTudor
Si mgonjwa. Ni mambo ya nidhamu.

HesabuKali
Amechelewa mazoezini? Amepiga refa? Anatafuna miraa benchi? Nidhamu ni neno kubwa, lifungue tuone kilichomo.

KijanaWaBamburi
Mita 1.97 na unatuuliza habari ya kufunga ndani? Charles Barkley aliandikwa mita 1.98, kipande cha mtu si jitu, na msimu wa 1986/87 aliongoza NBA nzima, ligi ya Marekani, kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa ringi. Tena kiuno kama pipa.

MtuWaTudor
Sawa. Mtanisumbua mpaka niseme.

Mwezi uliopita alileta wazee nyumbani kwetu. Alileta posa kwa dadangu. Hakuniambia mimi, ambaye nakaa naye uwanjani siku nne kwa wiki na nilimnunulia viatu vyake vya kwanza pale soko la Kongowea, vya mtumba lakini saizi 47, mnajua tabu ya kupata 47? Nilirudi nikakuta viatu vilevile mlangoni. Nikaingia, nikamkuta amekaa kwenye kochi la baba, magoti yamefika kidevuni, anakunywa kahawa.

Tangu hapo mpira kwake hauendi. Sijasema asipewe. Lakini mkono wenyewe hauendi.

DerevaWaTukTuk
😂😂😂 Viatu vilevile mlangoni! Ulimvisha mwenyewe, akaja navyo kuposa.

MamaWaMapacha
Hakuna nidhamu kubwa kuliko hiyo. Kijana ametuma wazee, amepita mlangoni mchana kweupe. Wangapi wanapita dirishani? Mwombe radhi.

KijanaWaBamburi
Mama, lakini kuna adabu ya urafiki pia. Angemnong'oneza kaka kwanza. Mimi rafiki yangu alimuoa binamu yangu, nikajua kwa kadi ya mwaliko. Mpaka leo nikimpigia simu nazungumza naye habari ya mvua tu.

MtuWaTudor
Ahsante Bamburi, angalau wewe umeelewa. Na jambo nimeshalipanga. Tumechanga Sh500 kila mtu, wachezaji kumi, tunamleta mchezaji wa kukodi kutoka Malindi kwa mechi mbili. Nusu ameshatumiwa. Jina lake liko kwenye fomu kwa penseli. Nilichotaka kwenu ni mbinu za kumtumia huyo, basi.

HesabuKali
Sh5,000 za mtu usiyemjua, ili usimpasie mtu unayemjua.

KochaMstaafu
Hapana, hapana. Mpira wa ndani haununuliwi kwa wiki moja. Mimi nilifanya kazi bandarini miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwenye kreni hashushi mzigo mpaka aliye chini aonyeshe mkono, na aliye chini haonyeshi mkono mpaka ajue huyu wa juu atamwangalia. Niliona siku moja watu wawili wamenuniana kwa sababu ya zamu ya chakula, mzigo ukabaki unaning'inia robo saa, meli nzima inatazama. Pasi ya ndani ni vivyo hivyo.

Sasa mazoezi. Mtu wa ndani asikimbilie mpira, akimbilie mlinzi. Amguse kwanza, ajiweke katikati yake na mpira, akae chini kama anakalia kigoda, kisha ndiyo atoe mkono ulio mbali na mlinzi. Mpira uende kwenye mkono ule, kifuani au juu, si magotini. Mlinzi akisimama mbele yake, msilazimishe kutoka ubavuni. Peleka mpira juu katikati, mtu wa pale aone njia mpya iliyofunguka. Pembe ikibadilika, mlinzi aliyekuwa mbele anajikuta nyuma.

Akishapokea, mpasi asisimame kutazama kama yuko sinema. Akate kwenda ringi mara moja. Wakimfuata wawili, wa ndani anamrudishia. Wasipomfuata, wa ndani ana mtu mmoja tu mgongoni, ageuke.

Na zoezi la Mikan, la kufunga chini ya ringi, kila siku, kulia na kushoto, mpira usiguse chini, mpaka viingie ishirini mfululizo. Apige kona ya juu ya kile kisanduku cha ubaoni. Huyo George Mikan alikuwa jitu la miwani, na kwa ajili yake Wamarekani walipanua eneo la ndani mara mbili mwaka 1951. Sheria ilibadilishwa kwa sababu ya mtu aliyejua kutumia ubao.

KijanaWaBamburi
Na Hakeem Olajuwon! Alikuwa golikipa na mchezaji wa mpira wa mikono huko Lagos kabla hajagusa kikapu, ndiyo maana miguu yake ilikuwa inacheza vile. Akaipa Houston Rockets ubingwa wa NBA 1994 na 1995. Mlingoti aliwahi kudaka golini?

MtuWaTudor
Amedaka. Kocha, hiyo ya kukalia kigoda naielewa, lakini mlinzi akikusukuma na goti nyuma ya paja, ukikaa chini unaanguka. Refa haoni.

HesabuKali
Hebu simameni hapo.

Nimerudi ujumbe wa kwanza. "Viwiko vya mgongo dakika kumi, mkono uko juu, mpira hauji. Ukija unamfika magotini." Halafu: mpira uliingia ndani mara tatu nusu ya kwanza. Nahodha huyu ndiye mgawaji mpira. Mgawaji angeandika "napasi wanapoteza". Nani anahesabu mara ambazo mpira umemfikia? Asiyepewa. Na sasa anatuambia goti nyuma ya paja likoje.

Wewe si nahodha. Wewe ndiye Mlingoti. Umekuja kumchongea shemeji yako mbele ya watu.

DerevaWaTukTuk
Laa ilaaha! Bwana harusi amejileta mwenyewe! Nanunua viazi karai, nikirudi nikute mtu hajaondoka.

KijanaWaBamburi
Au hakuna dada, hakuna Mlingoti, ni mtu tu anatafuta wasomaji. Viatu saizi 47 Kongowea? Mimi nimetafuta 45 nikakosa.

MtuWaTudor
Mimi ni nahodha. Naapa.

HesabuKali
Na mbona umehariri ujumbe wa kwanza? Ile sentensi ya viwiko haipo tena. Bahati nzuri nilikuwa nimeinakili.

MtuWaTudor
Nimeifuta kwa sababu si maneno yangu. Ni yake. Usiku wa ile mechi alinitumia ujumbe wa sauti, dakika nne. Hakutaja dada, hakutaja posa. Alieleza tu kwamba amesimama pale, mgongo unauma, ananionyesha mkono, nami namtazama usoni kisha natupa. Akasema amehesabu. Mara tatu. Nilisikiza mara mbili, nikaja kuandika hapa.

HesabuKali
Umeitunga vizuri. Siamini.

KochaMstaafu
Awe nahodha, awe Mlingoti, pasi ni ileile. Mwenye goti nyuma ya paja dawa yake ni kuhama kabla hajasukumwa: toka nje ya eneo, zile sekunde tatu unazoruhusiwa kukaa ndani zianze upya, rudi upande wa pili. Na huyo wa Malindi mwambieni asije. Nusu iliyokwenda imekwenda.

MamaWaMapacha
Watu thelathini wamesoma hapa na hakuna aliyeuliza. Dada mwenyewe anasemaje?

MtuWaTudor
Hatujamuuliza.

MamaWaMapacha
Hamjamuuliza!

MtuWaTudor
Mama nitamuuliza leo.

DerevaWaTukTuk
Siku mbili kimya. Amekwenda kuoa au kuozesha?

MtuWaTudor
Nipo. Tulichora mistari kwa chaki. Futi ya fundi ilikuwa fupi, tukapima kwa kamba. Mlingoti alikuja bila kuitwa, akashika ncha ya pili ya kamba, hakusema neno. Penseli nimeifuta kwenye fomu. Wa Malindi hajarudisha pesa, na hatarudisha.

Dadangu anasema alikuwa anangoja mtu amuulize tangu mwezi uliopita. Mengine ni ya nyumbani.

Jana tulicheza watano kwa watano, saa nzima. Nilimpa ndani mara kumi na nne. Kumi zimeingia. Moja nilimpa magotini kusudi nione atafanya nini. Aliinama, akaiokota, akafunga, akanitazama.

HesabuKali
Kumi na nne. Nani alikuwa anahesabu?