Watu wazima waliacha lini kwenda sinema?

mtoto_wa_kariakoo: Wakuu habari za jioni. Nimempeleka bi mkubwa sinema Mlimani City, kwenye foleni ya bisi ni vijana wa chuo, wapenzi wapenzi na wazazi wachache walioleta watoto kwenye katuni, rika lake hakuna hata mmoja. Anasema enzi zao kumbi za Empire na Avalon zilikuwa zinajaa watu wa kila umri. Sasa hawa waliacha lini, ni bei au ndo uzee?

mzee_msasani: Uzee wapi kijana. Jumapili ilikuwa ya familia, picha la Kihindi, baba mama watoto mpaka bibi, tiketi zikiisha unanunua kwa walanguzi hapo nje kwa bei ya kuruka. Drive-In, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, ndo usiseme, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo, mnajipakia gari moja na hotpoti la pilau, mtoto akisinzia analala humohumo. Miaka ya 80 zikaja video, ukikodi kanda moja mtaa mzima unajaa sebuleni kwako, 1994 televisheni ya ITV nayo ikaingia, kumbi zikafungwa moja moja, sasa tungeenda wapi?

binti_vuga: Shkamoo mzee, ila TV usiisingizie sana. Sisi Unguja tulikuwa na TV ya rangi toka miaka ya 70 na watu ukumbi wa Majestic walikuwa wanajaa vilevile. Tena kulikuwa na shoo za wanawake peke yao, mama zetu na mabuibui yao wanaingia bila kuulizwa na mtu. Kumbi zilipokufa wanaume walibaki na baraza na mpira, wanawake ndo wakarudi ndani, kwa hiyo msiangalie umri peke yake.

dogo_manzese: Mmetusahau wa kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani 😂 benchi, TV chogo, picha la Kichina kalitafsiri Lufufu, yule msimulizi wa picha kwa Kiswahili, humo ndani ni madogo tuliotoroka shule tu, mtu mzima akiingia ujue kaja kumsaka mwanae. Leo nakaribia 40 na ukumbini siendi maana sikukuzwa nako, halafu tiketi mbili na bisi ni hela ya mtungi mdogo wa gesi.

mama_chapati: Na picha zenyewe je? Kiingereza kitupu, mabomu mwanzo mwisho. Wekeni la Kihindi Jumapili saa tisa mchana muone kina mama watakavyojaa.