Mrejesho: kukaa biro (ofisini) bila kazi, Lubumbashi

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri hapa: nifanye nini ofisini siku nzima wakati kazi hakuna? Niko kwenye ajensi ya forodha mjini, nikishughulikia karatasi za madini ya kobalti yanayopita mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia. Serikali ya Kongo ilipofunga uuzaji wake nje mwezi wa pili 2025, nikabaki kukodolea ukuta. Mshahara unaingia, kichwa kinaoza. Wengine mlinicheka: "Tubadilishane basi!" Haya.

Aliyesema nimwendee shefu na pendekezo, si malalamiko, Mungu ambariki. Niliomba mafaili ya shaba, maana shaba haikufungwa. Shefu akaguna: mwenye mafaili atadhani namnyang'anya mkate. Basi nikamfuata huyo mwenye mafaili, yaya (mkubwa wetu) mwenyewe, nikamwomba anifundishe tu. Wiki za kwanza alinipa kupiga fotokopi. Sasa ananiachia kulinganisha orodha: namba ya kila furushi la kathodi (mabamba ya shaba), uzito wake, namba ya lori. Tarakimu moja ikipishana, lori linalala mpakani na dereva anakupigia simu usiku. Siku hizo saa sita inafika sijatazama saa.

Ule ushauri wa kusoma kitabu mezani ulinishinda, kwa sababu shefu hupita nyuma ya viti vyetu kama askari wa zamu.

Kobalti yenyewe ilifunguliwa kwa kwota (kiasi kisichopaswa kuzidishwa) tarehe 16 Oktoba 2025, ila kwota ya 2026 ni tani 96,600 kwa nchi nzima, haifiki nusu ya uzalishaji wa 2024. Kwa hiyo meza yangu ya zamani bado nyeupe.

Kinachonisumbua sasa ni saa nane mpaka saa kumi. Mwenye dawa aandike.